Mkwe na Mama Mkwe Wanunua Mashine ya Nyasi

Nyumba waliipanga kwa sababu ya uwanja, na haikupita miezi miwili wakaanza kujuta kwa sababu ya uwanja huohuo. Vyumba vilikuwa vitatu tu, jiko dogo la kupishana kwa ubavu, na bafu ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba. Lakini uwanja, eh, uwanja ungetosha kujengwa shule na bado watoto wakabakiwa na mahali pa kuchezea mpira. Ulianzia kwenye ngazi za kibaraza, ukashuka taratibu ukilizunguka tangi la maji, ukapanuka upande wa kushoto pasipo na sababu yoyote, ukaenda kuishia kwenye uzio wa michongoma. Ng'ambo ya uzio aliishi fundi redio, mzee mmoja mpole ambaye baraza lake lilitazama huku, na ambaye hakuwa na televisheni.

Mwenye nyumba alipowaonyesha uwanja huo, nyasi zilikuwa fupi, kijani, zimelala vizuri kama nywele za mtoto aliyetoka kuchanwa. Hakuwaambia kwamba alikuwa amewaita vibarua sita siku mbili kabla. Mvua iliponyesha, nyasi zikapata habari. Zilifika kwenye vifundo vya miguu, zikafika magotini, na siku moja mpangaji alikiweka kiti cha plastiki uwanjani akaingia ndani mara moja kuchukua gazeti, na alipotoka ilimbidi akitafute.

Mpangaji huyo alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Kazi yake ilikuwa kukaa mezani tangu asubuhi hadi jioni akiwinda makosa ya wenzake: koma iliyopotea, herufi iliyorukwa, sentensi iliyoanza na mtu mmoja ikaishia na wawili. Alikuwa hodari wa kazi hiyo. Lakini mikono yake haikuwahi kushika kitu kizito kuliko kamusi, na Jumamosi ya kwanza aliyoshika fyekeo alirudi ndani na malengelenge manne na kipande kilichofyekwa ambacho ungeweza kukifunika kwa mkeka. Mkewe, aliyekuwa nesi, alimtoboa malengelenge, akampaka dawa, akamwambia kwamba kwa mwendo ule angemaliza uwanja wakati mjukuu wao wa kwanza akioa. Watoto wenyewe walikuwa bado hawana.

Hali ilikuwa hiyo mama mkwe alipokuja kukaa mwezi mmoja.

Alikuwa amestaafu mwaka ule, na binti yake alimwita aje apumzike. Mama huyo alikuwa mrefu, mabega mapana, mtu wa maneno machache. Katika miaka mitatu ya ndoa, msahihishaji alikuwa ameonana naye mara nne, na mara zote nne walikuwa wamevaa nguo za kutokea na kuongea kwa sauti za chini. Baina yao halikuwahi kupita neno baya. Kwa kweli, yalikuwa hayajapita maneno ya kutosha hata mojawapo likapata nafasi ya kuwa baya. Yeye alimwita mkwewe "baba." Mkwe alimwita "mama," na kila alipolitamka sauti yake ilishuka kama ya mtu aliyeingia wodini.

Heshima ile ilikuwa kazi ngumu. Msahihishaji akiingia sebuleni, mama mkwe anainuka amwachie kiti kizuri. Yeye naye hakikalii, ni cha mama. Basi wawili hao husimama, kiti kimekaa peke yake kama mgeni rasmi. Mezani kipande cha mwisho cha kuku kilibaki bakulini usiku kucha, kwa sababu kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake. Walipotaka kuambiana jambo walimtumia nesi, hata kama wote watatu wamo chumba kimoja. "Muulize baba kama taa inamuumiza macho." "Mwambie mama hainiumizi, labda yeye ndiye anataka izimwe." Nesi alizungusha macho, akatafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

Siku ya tatu, alfajiri, msahihishaji alisikia sauti uwanjani, fyu, fyu, fyu. Alifungua pazia kidogo. Mama mkwe alikuwa amejifunga nguo kiunoni, miguu ameitanua, anafyeka. Tena hakufyeka kama yeye, aliyelipiga fyekeo kana kwamba anafukuza mbwa. Mkono wa mama ulikwenda na kurudi bila haraka, nyasi zikalala upande mmoja. Alikuwa ameshamaliza eneo kubwa kuliko Jumamosi zote za mkwewe zikijumlishwa.

Msahihishaji aliona haya hadi masikio yakamuwaka. Mama wa watu amekuja kupumzika, sasa anamfyekea mkwe wake nyasi, na fundi redio ameketi barazani kwake na kikombe mkononi, anatazama. Angemwambia aache? Angeanzaje? Alimwamsha mkewe amwambie. Nesi, aliyekuwa amelala saa tatu tu baada ya zamu, alisema kwamba mama yake akitaka kufyeka atafyeka, akageukia ukutani.

Kesho yake msahihishaji aliamka saa kumi na moja ili amtangulie. Alimkuta yuko nusu ya safari. Keshokutwa aliamka saa kumi na nusu, akawahi yeye, na mama mkwe alipotoka na kumkuta akihangaika na fyekeo gizani, alisimama pale ngazini kwa huzuni kubwa, akarudi ndani. Usiku uliofuata msahihishaji alilificha fyekeo chini ya kitanda. Asubuhi akasikia fyu, fyu vilevile. Na jioni, akitoka kazini, fundi redio alimsimamisha langoni, akamwambia kwa upole kwamba lile fyekeo lake alilomwazima mama halikuwa na haraka ya kurudi, akae nalo tu, kwa kuwa alielewa kwamba pale nyumbani mgeni hajapewa kifaa cha kazi.

Hapo ndipo nesi alipokata shauri. Alisema amechoka kuishi na watu wawili wanaoamka kuibiana usingizi. Akiba waliyoweka ya kununulia makochi ingenunua mashine ya kukata nyasi, na makochi yangesubiri, maana hata hicho kiti kimoja kizuri kilikosa mtu wa kukikalia. Jumamosi yeye angekuwa zamu, kwa hiyo wangekwenda wao wawili.

"Sisi wawili?" aliuliza msahihishaji.

"Ninyi wawili. Mna midomo, nyote."

Walikwenda. Njiani msahihishaji alisema kwamba kuna jua. Mama mkwe alikubali kwamba lipo.

Duka lilikuwa refu na jembamba, linanuka mpira mpya na petroli. Muuzaji alivaa tai na ndala, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea huku injini zikinguruma. Aliwapitisha kwenye mashine moja baada ya nyingine. Kulikuwa na ya kusukuma kwa mkono, isiyo na injini kabisa, visu vyake vimejikunja kama mkungu na vinazunguka magurudumu yakizunguka. Kulikuwa na ya umeme, yenye waya mrefu wa njano, ambayo muuzaji alisema ni nzuri sana mradi mtu akumbuke kukata nyasi na si waya. Kulikuwa na za petroli za kutembea nyuma yake, ndogo na kubwa. Na kule pembeni, chini ya turubai alilolivuta kwa mbwembwe, kulikuwa na moja ya kupanda, nyekundu, ina kiti, usukani na magurudumu manne.

"Hii imetumika kidogo tu," alisema. "Mwenyewe alisafiri."

Moyo wa msahihishaji ulikuwa umeshabaki nyuma, kwa ile ya mkono. Aliisukuma hatua mbili sakafuni, ikanong'ona. Haina petroli, haina moshi, haina kelele. Mtu angeweza kukata nyasi na kufikiri. Lakini aliwaza: nikinunua hii, kesho alfajiri nitamkuta mama anaisukuma. Alipogeuka, akamwona mama mkwe amesimama mbele ya ile nyekundu. Alikuwa ameinama anaichungulia chini. Aliweka kiganja juu ya boneti akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akapanda, akakaa, akausogeza usukani kulia na kushoto, akashuka, wala hakusema kitu.

Ameipenda, alijiambia msahihishaji. Amechoka kusimama, masikini, anataka ya kukalia.

Alisogea. Alimuuliza, kwa ile sauti ya wodini, anaionaje.

"Kama wewe umeipenda, baba," alisema mama mkwe, "mimi ni nani?"

"Hapana, mama, wewe ndiye wa kusema."

"Mimi ni mgeni tu. Wewe ndiye mwenye uwanja."

"Lakini ukiridhika wewe, mimi nimeridhika."

"Nami vilevile, baba."

Muuzaji, aliyekuwa akigeuza kichwa toka huku kwenda huku, alisikia ndiyo mbili mahali ambapo haikusemwa hata moja, akaenda kuandika risiti. Makochi yakayeyuka. Jioni ileile gari lilileta mashine, watu watatu wakaishusha kwa mbao, na fundi redio akahamishia kiti chake karibu na uzio.

Jumapili baada ya chakula cha mchana ikawa saa ya kuijaribu. Nesi alikuwa kazini tena. Alikuwa amefua asubuhi kabla ya kuondoka, na kwenye kamba iliyotoka kona ya nyumba mpaka kwenye nguzo ya tangi zilining'inia sare zake nne nyeupe na shuka mbili. Msahihishaji alimwomba mama mkwe apande yeye kwanza. Mama mkwe akasema haiwezekani, mwenye uwanja yupo. Akamwomba tena. Akakataa tena, kwa heshima zaidi. Basi msahihishaji akajikaza, akapanda. Hakuwahi kuendesha kitu chochote maishani mwake isipokuwa baiskeli, na baiskeli yenyewe ilimshinda kwenye mteremko.

Alizungusha ufunguo. Mashine ilikohoa, ikatikisika, ikaitika. Akavuta kile alichodhani ni cha kushushia visu, na ikawa ndicho cha kuondokea.

Mwanzoni ilikwenda vizuri, kwa maana kwamba ilikwenda mbele. Mama mkwe alisimama ngazini mikono nyuma, anatazama. Mashine ilishika kasi mteremkoni. Msahihishaji alitafuta breki kwa mguu wa kulia, akakanyaga kitu, kasi ikazidi.

"Baba," aliita mama mkwe kwa sauti ya chini. "Samahani. Sipendi kukuingilia katika kazi yako. Lakini, kama hutaona vibaya, huo mguu wa..."

Hakumaliza. Msahihishaji alikuwa ameshaingia kwenye kamba ya nguo. Alitokea upande wa pili na sare ya nesi imemzunguka shingoni na shuka moja inaburuzika nyuma kama ya bibi harusi. Alikata kona, mashine ikakubali kona hiyo ikakataa nyingine zote, na sasa ikawa inazunguka uwanja kwa duara kubwa lililopita karibu na michongoma, karibu na ngazi, karibu na tangi.

Alipopita ngazini mara ya pili, mama mkwe alikuwa ameshuka na kumsogelea. "Baba, naomba radhi tena," alisema, akikazana kutembea sambamba naye. "Ningeshukuru sana kama ungejaribu, ukipata nafasi, ule mguu mwingine..." Lakini mashine ilimwacha. Adabu yote ile ilihitaji muda, na muda ndio usiokuwepo.

Mzunguko wa tatu haukuwa duara. Ulipinda. Mashine ilichanja michongoma, fundi redio akanyanyuka na kiti chake na kikombe chake bila kumwaga hata tone, kisha ikageuka, ikashuka moja kwa moja kuelekea kwenye nguzo za tangi. Tangi lilikuwa limejaa. Msahihishaji aliliona likimjia, akafumba macho.

"WEWE!"

Ilikuwa sauti ambayo uwanja ule haukuwahi kuisikia. Ilitoka tumboni, ikapita juu ya injini kama vile injini haipo.

"Mguu wa kushoto! Kanyaga mpaka chini! Chini kabisa, nimesema! Sasa ufunguo, zima! Zima, we mtu!"

Mwili wa msahihishaji ulitii bila kumuuliza mwenyewe. Mguu ukashuka, mkono ukazungusha. Mashine ilipiga goti, ikanyamaza. Alipofumbua macho, kati ya pua ya mashine na nguzo ya tangi pangeweza kupita kiganja cha mkono, lakini si viwili.

Mama mkwe alimfikia akihema, kisha akakumbuka alichokifanya. Uso wake wote ukabadilika. Akapiga goti pale nyasini, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Nisamehe, baba. Nimekupigia kelele mbele za watu."

Msahihishaji alijaribu kushuka, shuka ikamnasa, akashuka kwa magoti naye. Wakawa wamepigiana magoti, mkwe na mama mkwe, huku mashine ikitoa moshi kati yao. Hakukasirika. Alikuwa na swali moja tu kichwani. Alimuuliza amejifunzia wapi mambo ya mashine.

"Kwenye greda," alisema.

"Greda lipi?"

"La barabara. Miaka ishirini na sita. Kabla yake nilikuwa kwenye shindilia, lile la gurudumu la chuma."

Msahihishaji alimtazama. Mkewe alikuwa amemwambia, zamani, kwamba mama anafanya kazi idara ya barabara. Yeye alikuwa amemchorea mama mkwe meza, faili na mhuri, na dirisha linalotazama barabara. Kwa miaka mitatu alimheshimu kiasi cha kutomuuliza hata kazi yake.

"Nilidhani ulikuwa ofisini, mama."

"Ofisini nilikwenda kuchukua mshahara."

Kicheko kilimtoka msahihishaji kabla hajakiruhusu. Alijaribu kukizuia na sare ya nesi, kikapita. Mama mkwe alimwangalia, midomo ikamtetemeka, naye akaanza kucheka, kicheko kikubwa cha mtu wa kambi za barabara, hadi akakaa chini. Ng'ambo ya uzio fundi redio alicheka pia kwa vile alikuwa ameshafika mbali mno katika habari hii kubaki nje.

Walipotulia, msahihishaji alivua sare shingoni, akauliza kama kweli mama anaipenda ile mashine.

Mama mkwe alifikiri. "Nikwambie ukweli, au nikwambie kwa heshima?"

"Ukweli, mama."

"Hili ni kopo."

Akainuka, akaanza kumwonyesha kwa kidole. Mkanda umeliwa. Kisu kimepinda, tena kimepindwa na jiwe, alama hii hapa. Usukani unacheza. Oili inavuja, na aliyepaka rangi alikuwa na haraka, amepaka juu ya uchafu. Akakwangua kwa ukucha, tope likatoka jekundu upande mmoja.

"Uliyaona haya dukani?"

"Niliyaona kabla sijainama. Nilipoweka mkono juu yake nilikuwa naisikitikia."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningekuaibisha vipi mbele ya yule mwenye tai? Nilidhani umeipenda. Wanaume na vitu vyenye magurudumu, nawajua. Na wewe kwa nini ulikubali?"

Alimwambia kwamba alidhani ameipenda yeye. Na kwamba moyo wake ulikuwa kwa ile ya kusukuma kwa mkono, iliyokuwa inanong'ona.

"Ile?" alisema mama mkwe. "Kwa uwanja huu? Ungesukuma mpaka ustaafu. Ile ni ya mtu mwenye nyasi za kutosha kulalia paka."

Ilikuwa mara ya kwanza mama kumpinga waziwazi. Msahihishaji alihisi kachomwa kidogo, kisha akahisi kitu kingine, kama mtu aliyefungua kifungo cha shati baada ya sherehe ndefu. Akamjibu. Akasema ile haina petroli, haiharibiki, haihitaji fundi. Mama mkwe akasema hata jiwe haliharibiki, lakini halikati nyasi. Walikaa ngazini wakabishana mpaka jua likapungua makali, na kipande cha mwisho cha mkate wa chai alikichukua mama mkwe katikati ya sentensi bila kumuuliza mtu.

Jumatatu msahihishaji aliomba ruhusa ya nusu siku. Walikodi lilelile gari, wakalirudisha lile kopo dukani. Muuzaji aliwaona tangu barabarani, akatoka nyuma ya meza yake akiwa ameshaandaa uso wa huzuni. Alisema anawaelewa sana, lakini duka lina utaratibu wake, na hakuutunga yeye. Akanyoosha kidole ukutani kwenye bango la herufi kubwa za bluu.

Msahihishaji aliinua macho. Alisoma kama alivyosoma kila kitu, herufi kwa herufi. Akasoma tena. Joto zuri likampanda kifuani.

"Bango lako linasema, *mali isiyouzwa hairudishwi*," alisema.

"Ndiyo, hairudishwi."

"Isiyouzwa. Hii imeuzwa. Risiti ni hii hapa."

Muuzaji aligeuka akalitazama bango alilolitundika, kwa kauli yake mwenyewe, miaka sita nyuma. Wateja wawili waliokuwa wakichagua mipira ya maji nao wakalitazama. Mmoja alilisoma kwa sauti, akacheka. Muuzaji alianza kueleza kwamba mchora bango alikusudia *iliyouzwa*, na kwamba kila mtu anaelewa. Lakini alipogeuka tena, miguu ya mama mkwe ilikuwa imechomoza chini ya mashine nyekundu. Mama alikuwa amelala chali sakafuni kwa utulivu kabisa, na kutoka huko chini akaanza kutaja, kwa ile sauti ya kupita juu ya injini, kimoja kimoja, kilicholiwa, kilichopinda, kilichovuja na kilichofungwa kwa waya. Wateja wakawa watano. Alipofika kwenye ekseli, muuzaji alilegea. Fedha hatoi, alisema, lakini wachague nyingine yoyote ya thamani ileile, na mama tafadhali atoke huko chini.

Safari hii walichagua kwa muda wa saa nzima, na walibishana saa nzima. Mama mkwe aliziwasha zote za petroli, akainamisha kichwa akizisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Moja aliizima mara moja, akasema ina pumu. Msahihishaji alisoma vitabu vya maelekezo, ambavyo muuzaji alikiri hakuna mtu aliyewahi kuvifungua, na katika kimoja akakuta kwamba oili hubadilishwa baada ya saa tano za mwanzo, ilhali muuzaji alikuwa amewaapia kwamba haibadilishwi kamwe. Mama mkwe alimtazama mkwewe kwa jicho jipya. Mwishowe waliafikiana juu ya moja ya kutembea nyuma yake, si kubwa si ndogo, magurudumu ya nyuma makubwa kwa ajili ya mteremko, kisu kinene, na kishikio kidogo cha kukipandisha na kukishusha, chenye ngazi nne. Rangi yake ilikuwa mbaya, kijivu cha sufuria. Hakuna aliyeitaja rangi.

Siku zilizofuata mama mkwe alimfundisha mkwewe uwanja. Alimtembeza kwanza bila mashine, wakaokota mawe, vizibo, kijiko kimoja na kiti cha plastiki cha pili ambacho hakuna aliyejua kilikuwepo. Alimwambia asikate nyasi zikiwa na umande, zinajikunja tumboni mwa mashine. Asizikate zote chini siku moja hata zikiwa ndefu vipi. Apunguze leo kidogo, azipe siku nne, apunguze tena, la sivyo zitakufa ardhi ikabaki wazi, mvua ikaja ikaichukua. Mteremkoni apite kwa ubavu, asipande na kushuka. Akimaliza achomoe waya wa plagi ya injini ndipo aguse kisu, hata kama ana haraka, hasa kama ana haraka. Msahihishaji aliandika yote kwenye daftari. Mama alimcheka kwa daftari hilo, kisha usiku akamwomba amsomee ili aone kama hakusahau kitu.

Jumamosi nesi alirudi kutoka zamu ya mchana saa kumi na moja jioni, miguu imemvimba. Kabla hajafika langoni alisikia kelele. Ilikuwa sauti ya mumewe, juu kabisa, ambayo hakuwahi kuisikia nje ya mechi ya mpira. Na juu ya hiyo, sauti ya mama yake, ile ya kambini aliyoikimbia utotoni. Mkoba ulimdondoka. Alijua kwamba kilichokuwa kinakuja kimekuja.

"Usiingilie," fundi redio alimwambia kutoka juu ya kiti chake. "Wameanza tangu saa nane. Wanaelewana vizuri sana."

Alikimbilia ndani ya lango. Uwanja ulikuwa umekatwa wote. Mumewe, shati limelowa, amesimama upande wa kulia, mama yake upande wa kushoto, mashine ya kijivu katikati yao. Upande wa kulia nyasi zilikatwa kwa mistari iliyonyooka, mmoja chini ya mwingine, kama ukurasa. Upande wa kushoto zilikatwa kwa mizunguko, kuanzia nje kuingia ndani, kama watu wa greda wanavyofanya. Mmoja alidai ngazi ya pili ya kishikio, mwingine ya tatu. Mmoja alisema mizunguko inaacha nywele pembeni. Mwingine alisema mistari inakula petroli kwa kugeuza.

Walipomwona walinyamaza wote wawili, wakamtazama kama watu walioona hakimu anaingia.

"Afadhali umekuja," alisema mama yake. "Sema wewe. Upande upi uko sawa?"

Nesi alitazama kulia, akatazama kushoto. Alikuwa amesimama kwa miguu hiyo kwa muda wa saa kumi. Alisema kwamba yeye, kwa kweli, haoni tofauti.

"Huoni tofauti?" alisema mumewe.

"Haoni tofauti," mama mkwe alimwambia mkwewe, pole pole, kwa masikitiko. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Alitaka kuoga, alisema nesi, na kula, na kulala. Lakini mumewe alikuwa ameshamshika mkono mmoja na mama yake mwingine, wakamgeuza, wakaanza kumtembeza tangu ukingo wa uzio, mmoja akimwonyesha huku, mwingine akimwonyesha kule, wote wakiongea kwa pamoja. Alipolalamika kwamba viatu vinambana, mama yake alimwambia avivue, maana ngazi ya pili na ya tatu hutofautishwa vizuri zaidi kwa nyayo, na msahihishaji akakubali kwamba hapo mama amesema kweli.